Mayungiyungi marefu yalichanua mara moja tu, mwaka huu ni majani matupu. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Bustani (Njombe)

Wadau, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Njombe pembezoni mwa mji, upande wa mashamba ya chai. Maua nimepanda tangu nikiwa msichana: madalia, waridi, gladiola, na zile kala nyeupe ambazo huku kwetu zinajiotea hadi kwenye mitaro. Lakini hili limenishinda, na limenikaa rohoni ndiyo maana nalileta kwenu.

Mwaka juzi mwezi wa kumi mdogo wangu alitoka Nairobi akaniletea vitunguu 12 vya yungiyungi. Si yungiyungi la majini wala lile la porini. Ni yale marefu ambayo wenye maduka ya maua wanayaita lili. Sita vilikuwa Casa Blanca, nyeupe tupu. Sita vilikuwa Conca d'Or, rangi ya ndimu iliyoiva pembeni na njano katikati. Kila kimoja ukubwa wa ngumi yangu, na vingine vilishaanza kuchungulia ncha ya kijani.

Nilivipanda kando ya ukuta wa jikoni, jua la asubuhi. Mwezi wa pili vikachanua. Jamani. Conca d'Or zilinifika kidevuni, shina moja nilihesabu maua saba. Jua likizama harufu ilitoka pale ukutani, ikapita baraza, ikaingia hadi chumba cha kulala. Kijana anayeniletea maziwa alfajiri alikuwa anasimama langoni dakika nzima kabla ya kubisha hodi, nikamuuliza kuna nini, akasema, "Mama, nanusa."

Nikayakata karibu yote kwa ajili ya madhabahu ya usharika wetu. Chombo cha pale ni kirefu, kwa hiyo nilikata chini kabisa, karibu na udongo. Baada ya hapo niliviacha vitunguu ardhini, nikatia samadi na jivu la kuni kama ninavyofanya kwenye mboga, nikasubiri.

Mwezi wa nane vikaota. Nikafurahi bure. Vimefika kama futi mbili vikasimama. Majani yamekuwa ya njano ila mishipa yake imebaki kijani. Viwili vilitoa tumba moja moja dogo kama punje ya maharage, zikakauka kabla ya kufunguka. Juzi nimefukua kimoja nikakuta kimekuwa kidogo, kama kitunguu swaumu. Majirani wawili wa upande wa chini walipewa na mdogo wangu huyo huyo, na wao hadithi ni ile ile.

Je, maua haya ni ya kuchanua mara moja na kutupwa? Kuna mtu aliniambia hivyo, nimekataa kuamini.

Chumba cha Baridi (Tengeru)

Shikamoo Mwalimu. Usiamini. Vitunguu hivi vinaweza kuishi miaka na kuzaana, ila havikuzaliwa kwenye nchi isiyo na majira ya baridi. Nilifanya kazi miaka minane shamba moja la maua Kenya, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa chumba cha baridi, nikipokea makreti ya vitunguu hivi kutoka Uholanzi. Nakueleza nilichokiona.

Ua ulilolifurahia mwaka wa kwanza hukulitengeneza wewe. Nguvu yake iliwekwa huko Uholanzi, kitunguu kikashibishwa shambani kule, kisha kikawekwa kwenye baridi wiki nyingi. Kilipofika mikononi mwa mdogo wako kilikuwa tayari, kinasubiri udongo na maji tu. Mwaka wa pili ndipo kazi ikawa yako, na hapo mambo matatu yalikwenda kombo.

La kwanza na kubwa ni kukata shina chini. Mahindi ukishavuna huna haja tena na bua. Yungiyungi ni kinyume. Ua likishaisha, yale majani ndiyo yanaanza kazi ya kurudisha chakula kwenye kitunguu. Ulipokata hadi udongoni ulikiacha na njaa, ndiyo maana umefukua kitu cha ukubwa wa kitunguu swaumu. Ukikata ua kwa ajili ya kanisa chukua theluthi moja ya juu tu, theluthi mbili zibaki na majani yake mpaka yenyewe yanyauke na kuwa kahawia. Chombo kirefu kitafutie kala.

La pili ni jivu. Casa Blanca ni ya ukoo wa Orientali, babu zake wametoka Japani, wanapenda udongo wenye uchachu. Una bahati kubwa kuwa karibu na chai, maana udongo unaoikubali chai unayakubali na haya. Jivu linaua ule uchachu. Uchachu ukipungua madini ya chuma yanakuwepo udongoni lakini mizizi haiwezi kuyachukua, na alama yake ni hiyo uliyoieleza vizuri kabisa: jani la njano, mishipa ya kijani. Acha jivu. Tandaza majani ya misonobari, huko Njombe yamejaa, na mboji iliyooza sawasawa. Samadi mbichi usiipeleke karibu na kitunguu, itakiozesha.

La tatu ni baridi. Orientali zinataka kama wiki nane hadi kumi kwenye nyuzi 2 hadi 5 ili ziamke vizuri. Baridi ya Njombe ya mwezi wa sita na wa saba naijua, inatia meno ganzi, lakini hiyo ni ya usiku. Mchana jua linatoka na udongo kule chini ulipo kitunguu haushuki kiasi hicho. Inasaidia, haitoshi.

Nakushauri hivi. Sasa hivi yaache majani yalivyo, usikate hata moja. Mwezi wa tano yakishanyauka fukua taratibu bila kuvunja ile mizizi minene ya chini. Usivioshe sana wala usivianike juani, maana kitunguu hiki hakina ganda la nje kama kitunguu maji, kikikauka kimekufa. Viweke kwenye mfuko wenye matundu pamoja na maranda ya mbao yenye unyevu, yale ambayo ukiyafinya mkononi hayatoi tone la maji. Kisha kwenye friji, chini kabisa, mbali na sehemu ya kugandisha. Ukiingiza mwanzoni mwa Juni, katikati ya Agosti unapanda. Kwa hali ya hewa yenu hesabu siku 110 hadi 120, yatachanua Krismasi.

Kamau wa Shamba la Chai (Limuru)

Mwalimu, salamu kutoka Limuru. Ndugu wa Tengeru amesema yote ya maana, mimi naongeza mambo ya huku chini ya ardhi.

Panda kina. Watu wengi wanaweka juu juu kama kitunguu cha kupika. Yungiyungi refu linatoa mizizi ya aina mbili, ile ya chini ya kitunguu na nyingine kwenye shina lenyewe juu ya kitunguu, na hiyo ya juu ndiyo inakamata shina lisianguke na ndiyo inalisha maua. Kwa hivyo kutoka juu ya kitunguu hadi usawa wa udongo kuwe na sentimita 15 hivi. Mahali pawe na mteremko, au uinue tuta, maji yasikae kamwe. Kijiti cha kuegemezea kichomeke siku hiyo hiyo ya kupanda. Ukingoja shina lirefuke ndipo uchomeke, utakitoboa kitunguu bila kuona. Huko kwenu mianzi haikosi.

Halafu fuko. Mimi nilipoteza vitunguu 20 msimu mmoja, nikadhani vimeoza, kumbe nikafukua nikakuta mtaro msafi na hakuna hata gamba. Walikuwa wanakula kimya kimya kuanzia kona ya viazi. Sasa nashona vikapu vya waya wa kuku, nafukia kikapu kizima na vitunguu ndani, juu wazi. Sijapoteza hata kimoja tangu hapo.

Na hili nakuomba ulichukulie kwa uzito sana, kama una paka. Yungiyungi la aina hii ni sumu kali kwa paka. Jani, ua, ile poda yake ya njano, hata maji ya chombo ulichowekea. Akijilamba tu manyoya yenye poda figo zinakufa ndani ya siku chache. Mimi nilikuwa na paka wa miaka sita, na sitaki mtu mwingine apitie nilichopitia. Yangu sasa yako upande wa pili wa uzio wa miti, na ndani ya nyumba hayaingii.

Mwalimu wa Bustani (Njombe)

Marahaba mwanangu wa Tengeru, na wewe Kamau asante sana, pole kwa paka wako. Mimi sina paka ila jirani anaye, na anapita kwangu kila siku. Nitayahamishia nyuma, ndani ya uzio wa kuku wa zamani. Nimesoma majibu yenu mara tatu, na lile la kukata shina limeniuma, maana nilikata kwa moyo mweupe kabisa.

Nina maswali mawili. Friji yangu mwezi wa sita inajaa parachichi, kuna tatizo? Na umeme huku unakatika, wakati mwingine usiku mzima.

Chumba cha Baridi (Tengeru)

Mwalimu, parachichi ni tatizo, tena kubwa. Tunda linaloiva linatoa gesi ya ethilini, ndiyo hiyo hiyo inayofanya ndizi moja mbivu iivishe mkungu. Ile gesi ikiingia kwenye kitunguu inaua matumba yakiwa bado hayajaonekana kwa macho. Pale kazini mtu alikuwa haruhusiwi kuingia chumba cha baridi hata na ndizi ya chakula cha mchana mfukoni. Msimu huo tafuta jirani mwenye friji isiyo na matunda, au parachichi zikae nje, kwa baridi ya Njombe ya Juni hazitaoza haraka.

Umeme usikutie hofu. Usiku mmoja friji ikifungwa haipotezi baridi kiasi cha kuharibu kitu. Kinachoua ni kuganda, na maranda yenye maji mengi. Kila wiki mbili fungua, nusa. Ukisikia harufu ya uozo toa kilichooza na maranda yake yote.

Weka nusu friji na nusu acha ardhini. Utajua mwenyewe, hutahitaji kuniamini.

Asmini ya Pwani (Tanga)

Jamani na sisi wa pwani? Nimeyaona kwenye harusi moja Dar nikatamani niyapande uani.

Chumba cha Baridi (Tengeru)

Dada, kwa Tanga mjini nakwambia ukweli, hela yako itaozea ardhini. Usiku wenu ni joto mwaka mzima, na udongo wa mawe ya matumbawe una chokaa ambayo Orientali hawaivumilii. Harufu ya usiku mnayo tayari kuliko sisi: asmini, mlangilangi, mkilua. Ukitaka ua la kusimama lenye kitunguu, panda lile yungiyungi la porini la majani mapana, lenye maua meupe yenye mistari ya waridi. Hilo ni la Afrika, joto halilitishi, na jioni linanukia.

Mbegu za Usambara (Lushoto)

Naomba niingie, maana naona mnazungumzia vitunguu vya kununua tu na kuna njia ya mbegu.

Huku Lushoto tuko kama mita 1,400, baridi yetu haifikii ya Njombe, na Orientali zilinishinda. Nikapata mbegu za aina ya Taiwani, kitaalamu Lilium formosanum. Ni tarumbeta nyeupe ndefu, nje ina mistari ya zambarau iliyoiva, shina linazidi mita moja na nusu likipata mboji. Halihitaji friji. Nilisia mwezi wa tatu kwenye trei, mbegu ni nyepesi kama karatasi, nikafunika kidogo sana, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa na maua. Harufu yake mchana ni ndogo. Ngoja giza liingie, utaona na wale nondo wakubwa wenye ulimi mrefu wanakuja wenyewe.

Ila nina ombi. Mbegu zake zinapeperuka mbali, na Afrika Kusini limeshatoroka bustanini na kuwa magugu kando ya barabara na kwenye nyasi za asili. Mwalimu yuko jirani na Kitulo, ambako mwezi wa kwanza na wa pili milima yote ni maua ya porini ambayo mengine hayaoti kwingine. Mimi mwenyewe niko karibu na misitu ya Usambara. Kwa hiyo vile vibuyu vya mbegu vikate vingali kijani, bakiza kimoja tu cha kusia, na kifunge mfuko wa karatasi. Sioni ugumu wa kufanya hivyo, na sitampa mbegu mtu asiyekubali.

Kwa mwenye subira zaidi kuna Lilium regale. Ninalo moja tu na ndilo nalipenda kuliko yote. Lilitoka bonde la mto Min, Sichuan, Uchina. Mwingereza Ernest Henry Wilson alilifuata huko, na mwaka 1910 akiwa anatoka bondeni mawe yaliporomoka yakamvunja mguu. Alichechemea hadi mwisho wa maisha yake, lakini vitunguu vyake vilifika Boston, na mengi ya tarumbeta tunayoyaona leo yana damu ya yale. Lenyewe chokaa haliliudhi, ila baridi kidogo linataka. Nalichimba Juni na kulipeleka kwenye friji ya dada yangu.

Kamau wa Shamba la Chai (Limuru)

Mwalimu, ukifukua Mei toa magamba mawili matatu ya nje kwenye kile kitunguu kikubwa zaidi. Tia kwenye mfuko na maranda yenye unyevu, acha kabatini, mahali pa joto la kawaida. Wiki sita hadi nane utaona vitunguu vidogo vimejishika chini ya kila gamba. Vitachukua miaka miwili au mitatu kuchanua, lakini hutanunua tena.

Mwalimu wa Bustani (Njombe)

Wadau, heri ya mwaka mpya. Ni mimi tena, imepita karibu mwaka. Nimerudi kutoa ripoti kwa sababu nilipokuwa natafuta msaada nilikuta maswali mengi kama langu ambayo wenyewe hawakurudi kusema ilikuwaje.

Nilikuwa na vitunguu 11 vilivyo hai. Sita niliviweka friji ya jirani anayeuza maji baridi, hana matunda humo. Vitano niliviacha ardhini ndani ya kikapu cha waya, kama Kamau alivyosema. Jivu nimeacha kabisa, nimetandaza majani ya misonobari unene wa kiganja.

Vya friji: kimoja kilioza, kosa langu, maranda ya mfuko ule yalikuwa yamelowa sana. Vitano nilivyopanda tarehe 18 Agosti vyote vimechanua. Casa Blanca tatu, Conca d'Or mbili. La kwanza lilifunguka tarehe 16 Desemba. Hayakuwa maua saba, yalikuwa mawili hadi manne kwa shina, na urefu umeishia kifuani. Majani kijani kizito hadi chini, hakuna njano hata jani moja.

Vya ardhini: Conca d'Or mbili zimetoa ua moja moja, na zimechelewa, ndiyo zinafunguka wiki hii. Vitatu ni majani tu, ila majani manene. Kwa hiyo mwanangu wa Tengeru ulisema kweli, baridi yetu inasaidia na haitoshi. Mwaka huu vyote vinakwenda friji.

Kuna jambo nimejifunza mwenyewe nawaachia. Ua likifunguka tu, kabla ile poda haijaiva, vichomoe vile vifuko vya kahawia katikati kwa karatasi laini. Mwaka wa kwanza nilichafua kitambaa cheupe cha madhabahu, nikakimbilia maji, nikaharibu kabisa. Mara hii poda ilidondoka kidogo, sikugusa kwa maji, nikaibandua kwa selotepu na ikatoka yote.

Magamba ya Kamau yametoa vitunguu tisa, vidogo kama punje za njegere. Vipo kwenye makopo barazani, kila kimoja kimetoa jani moja.

Mkesha wa Krismasi nilipeleka kanisani mashina mawili tu, mafupi, kwenye chupa ya kawaida. Mzee wa kanisa akaniuliza mbona mwaka huu kidogo. Nikamwambia yaliyobaki yako nyumbani yanakula, apite jioni ayanuse. Alipita na mke wake, wakakaa barazani hadi saa tatu.